Namna ya Kuchapa Mandhari ya Bustani na Theluji kwa Litografia ya Jikoni Ukiwa Lindi au Mtwara

Litografia ni uchapaji unaotegemea jambo moja ambalo kila mpishi analijua, kwamba mafuta na maji hayachangamani. Katika njia hii hakuna kinachochongwa wala kuchimbwa. Mchoro hubaki juu ya uso ulio bapa, sehemu zilizoguswa na mafuta hupokea wino, na sehemu zilizolowa maji huukataa. Kwa hiyo anayetaka kuchapa mandhari ya theluji anapaswa kuelewa tangu mwanzo kwamba theluji haichorwi: theluji ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, na sehemu kubwa ya kazi ya mchapaji ni kuyazuia mafuta yasifike mahali yasipotakiwa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo kwa vifaa vinavyopatikana katika miji yetu ya kusini, bila jiwe, bila mashine, na bila kuwa umewahi kukanyaga theluji.

Njia ya asili hutumia jiwe. Alois Senefelder aliianzisha mwaka 1796 huko Munich, Ujerumani, akitumia jiwe la chokaa kutoka Solnhofen, jiwe lenye chembe ndogo mno na lisilo na matundu, linaloweza kusagwa mpaka likawa bapa kabisa. Wapo watakaotazama kuta za magofu ya Kilwa na kujiuliza kama mawe yetu ya matumbawe, ambayo nayo ni chokaa, yanaweza kufanya kazi hiyo. Hayawezi, kwa sababu yamejaa vitundu, na kila kitundu hushika wino na kuutoa kama doa. Hata hivyo Lindi ina undugu wa namna yake na jiwe hilo. Tabaka za Solnhofen na zile za kilima cha Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, zote ni za mwisho wa kipindi cha Jurasiki, miaka milioni 150 hivi iliyopita. Na katika makumbusho ya mambo ya asili ya Berlin, dinosaria mkubwa wa Tendaguru na kisukuku cha ndege wa kale Archaeopteryx kilichopatikana ndani ya mawe hayo ya kuchapia vimehifadhiwa chini ya paa moja.

Tutakayoitumia hapa ni litografia ya jikoni, iliyobuniwa na msanii wa Kifaransa Émilie Aizier, ambayo huweka foili ya aluminiamu mahali pa jiwe na soda ya kola mahali pa asidi kali.

Vifaa

Foili ni ile karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula. Nunua iliyo nene kuliko zote utakazoziona dukani, maana nyembamba huchanika chini ya rola. Tafuta kitu kigumu na bapa cha kuivisha, na kigae cha sakafu chenye uso laini kinatosha sana. Soda iwe ya kola, kwa kuwa ndiyo yenye asidi ya fosforiki. Soma maandishi ya chupa, na ukiona E338 ujue ni hiyo. Soda ya machungwa haitakusaidia. Kwa kuchorea, tumia kipande cha sabuni ya mche, krayoni za mafuta na kalamu ya maka isiyofutika. Ongeza mafuta ya alizeti, pamba, sponji mbili safi, bakuli la maji na kijiko kikubwa cha chuma au cha mbao. Kwa karatasi, manila nyembamba kutoka duka la vifaa vya ofisi inafaa kwa kujifunzia.

Maji nayo yaangaliwe. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi huila aluminiamu na kuacha vidoa vya kijivu ambavyo baadaye hushika wino. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kuliko hayo, na hata ya bombani yanafaa.

Wino ndio unaowakwamisha wengi. Rangi ya nyumba haifai, rangi za maji hazifai, na wino wa printa haufai. Kinachotakiwa ni wino mzito wa mafuta, na huo upo mjini kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu matbaa zinazochapa kalenda, kadi za harusi na vitabu vya risiti kwa mashine za ofseti hutumia wino wa aina hiyo hiyo. Ofseti yenyewe ni litografia iliyohamishiwa kwenye mtambo. Mwamkie fundi vizuri, mweleze unachokifanya, na umwombe akuuzie kiasi kidogo cha wino mweusi uliobaki chini ya kopo. Vijiko vitatu au vinne vitakuchapia picha nyingi. Ukiwa naye hapo, muulize pia kama ana mabamba ya aluminiamu yaliyokwisha kutumika, kwa maana siku utakapochoka kupigana na foili inayokunjamana utayahitaji.

Rola ya sponji ya kupakia kuta usiinunue kabisa kwa kazi hii, kwani hunywa wino kisha huuachia popote. Kama huna rola ya mpira, chukua kipande cha bomba gumu la plastiki na ulivishe mpira wa ndani wa baiskeli unaobana, usio na kiraka wala kiungo mahali panapogusa bamba.

Kuitazama baridi kutoka pwani

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu makosa mengi ya picha za baridi hufanyika kabla mkono haujagusa krayoni. Anayenakili picha ya theluji kutoka kwenye simu huchukua vitu: mtu mwenye koti zito, paa jeupe, kidimbwi kilichoganda. Kinachoifanya picha ionekane ya baridi ni mpangilio wa mwanga na giza, na mpangilio huo unaweza kujifunzwa Lindi bila shida.

Jambo la kwanza ni kwamba siku ya mawingu penye theluji, ardhi huwa nyeupe kuliko anga. Macho yetu yamezoea kinyume chake, yaani anga linalong'aa juu ya ardhi ya kijani au nyekundu, na mkono hufuata mazoea. Nenda kwenye mashamba ya chumvi wakati wa kiangazi, siku ambayo wingu limetanda. Utaona chumvi imevutwa kwa reki na kurundikwa katika vilima vidogo vilivyopangwa mstari, vikiwa vyeupe juu na kijivu chini vilikogusana na tope. Nyuma yake mikoko imekaa kama ukanda mweusi usio na majani yanayoonekana moja moja. Na juu ya mikoko anga ni la kijivu, zito kuliko ardhi. Chora ngazi hizo tatu tu, nyeupe, kijivu na nyeusi, kwa penseli butu na kwenye karatasi isiyozidi kiganja. Ukiupata mpangilio huo, umepata theluji, na hakuna atakayekuuliza ni chumvi au ni nini.

Jambo la pili ni vivuli. Katika nchi za kaskazini jua la majira ya baridi hupita chini sana. New York, kwa mfano, mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hufika nyuzi 26 hivi tu juu ya upeo, na kwa hiyo mtu mwenye urefu wa mita 1.7 hutupa kivuli cha karibu mita 3.5 saa sita mchana. Lindi haipati kamwe kivuli cha namna hiyo wakati wa adhuhuri. Hata mwezi Juni jua letu la mchana huwa nyuzi 56 na zaidi, na kivuli cha mtu huyo huyo kinazidi mita moja kidogo tu. Lakini jua hilo hilo la Juni hushuka hadi nyuzi 26 inapofika saa kumi alasiri. Basi huo ndio wakati wa kutoka na daftari. Vivuli utakavyoviona vikilala juu ya mchanga mweupe wa ufukweni ni vya urefu ule ule wa vivuli vya adhuhuri juu ya theluji, na ukivichora kwa uaminifu utaepuka kosa la kuweka miti ya baridi juu ya vivuli vifupi vya ikweta.

Jambo la tatu ni miti. Mibuyu ya Mikindani na ya ukanda wote wa pwani yetu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na miezi hiyo ni shule nzuri ya matawi matupu: jinsi tawi linavyopungua unene kila linapogawanyika, jinsi vijiti vya mwisho vinavyojenga wavu wa kijivu badala ya mistari inayohesabika. Mbuyu wenyewe usiupeleke New York, kwa sababu shina lake litakusaliti mara moja. Mkungu una manufaa zaidi kwa picha za bustani, kwani matawi yake hukaa katika ngazi za mlalo, na ngazi hizo ndizo theluji hupenda kukaa juu yake.

Ukitaka kuona mambo haya yote yakiwa yamekwisha kutatuliwa, itafute mtandaoni chapa ya mwaka 1862 iliyotolewa na kampuni ya Currier & Ives, kutokana na kazi ya Charles Parsons, inayoonyesha watu wakiteleza juu ya barafu katika bustani ya Central Park, New York. Ni litografia iliyotiwa rangi kwa mkono. Angalia hasa kiasi cha karatasi ambacho hakikuguswa katikati ya picha, na jinsi umati wa watu waliotawanyika, waliochorwa kwa wino mweusi, unavyolifanya eneo hilo tupu lisomeke kama barafu. Kwa maoni yangu, ukishainakili mara moja kwa kujifunza, usiendelee kuinakili. Vilima vya chumvi vina nguvu zaidi mikononi mwa mtu anayevipita kila siku.

Kuhamisha na kuchora

Ivishe foili kwenye kigae, upande usiong'aa ukiwa juu, na uibane kwa selotepu upande wa chini. Isugue taratibu kwa msasa wa maji ulio laini kabisa, kwa mizunguko midogo, ili uso upate mkwaruzo hafifu utakaoishika krayoni. Kuanzia hapo usiiguse kwa vidole. Kila alama ya kidole ni mafuta, na itachapika katikati ya theluji yako kwa uaminifu wa kushangaza. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja unapochora.

Kumbuka kwamba chapa hutoka kinyume, kulia ikawa kushoto. Kama unachora ghuba ya Lindi na hutaki wenyeji wakucheke, geuza mchoro wako kwanza kwa kuuweka dhidi ya kioo cha dirisha na kuufuatisha kwa nyuma. Kwa kuhamishia usitumie karatasi ya kaboni, kwa sababu ina mafuta na mistari yake yote itachapika. Chukua udongo mwekundu mkavu, uuchekeche kwa kitambaa mpaka ubaki unga mtupu usio na mchanga, kisha uupake kwenye karatasi nyembamba na ukung'ute unga uliozidi. Karatasi hiyo ikilazwa juu ya foili, mchoro ukiwa juu yake, itaacha mistari myekundu isiyopokea wino. Wachapaji wa mawe hutumia kitu kile kile, unga wa kutu ya chuma, ila wao huununua.

Kabla ya kuanza kuchora, ziba sehemu ambazo ni lazima zibaki nyeupe. Kwa mfano, ukitaka theluji ikae juu ya tawi mbele ya msitu mweusi, pitisha brashi nyembamba yenye gundi ya mgunga iliyoyeyushwa kwa maji juu ya mstari huo na uiache ikauke kabisa. Gundi hiyo huyakataa mafuta. Sasa unaweza kuchora giza la msitu kwa uhuru, ukipita hata juu ya gundi, kwa sababu itakapoyeyuka itaondoka na kila kilichokaa juu yake. Njia hii inatoa weupe mkali kuliko kujaribu kuzunguka kila kijiti kwa krayoni, na pia inakuokoa na woga.

Kila chombo kina kazi yake. Kalamu ya maka hutoa mistari myembamba ya vijiti, uzio na nguzo za taa. Krayoni ya mafuta hutoa mashina na magome. Kwa anga la kijivu, kwangua sabuni ya mche, iyeyushe katika maji kidogo ya moto, na uipake kwa brashi. Ikikauka huacha madoa yenye kingo zisizotabirika ambayo kwa mawingu hayana mpinzani. Usikandamize popote, maana mafuta yaliyoguswa kidogo tu yanatosha. Vivuli juu ya theluji viwe vya sabuni nyepesi, kamwe visiwe vya krayoni nzito.

Soda, maji na wino

Weka kigae ndani ya beseni kikiwa kimeinama na umimine kola juu ya mchoro mzima kwa mfululizo, bila kuacha sehemu kavu, kwa muda wa nusu dakika hivi. Asidi ya fosforiki huubadilisha uso wa aluminiamu usio na mafuta ili uyapende maji. Suuza kwa maji mengi ili sukari yote iondoke, kisha acha pakauke. Baada ya hapo chukua pamba yenye mafuta ya alizeti na ufute mchoro mpaka usionekane tena. Wanaoanza huogopa sana hatua hii, lakini kilichoondoka ni rangi tu. Mafuta yake yameshashikamana na foili.

Tandaza wino kidogo juu ya kioo na uuviringishe kwa rola hadi uwe utando mwembamba. Sikiliza: utando unaofaa hutoa mlio mdogo wa kuendelea, kama mafuta yaliyoanza kupata moto kikaangoni, na ukisikia mlio mnene wa kunata ujue wino ni mwingi. Pitisha sponji yenye maji juu ya foili mpaka uso wote uwe na unyevu mwembamba unaong'aa, bila madimbwi, kisha upitishe rola mara moja kwa wepesi. Katika mpito wa kwanza hutaona karibu kitu. Lowanisha tena, pitisha rola tena. Vijiti vitaanza kujitokeza vikiwa vya kijivu, halafu mashina, halafu anga, huku maji yaliyokaa juu ya theluji yakiurudisha wino kwenye rola kila inapopita. Endelea kubadilishana sponji na rola mpaka weusi utoshe.

Hapa hali ya hewa yetu inadai adabu. Maji yakikauka kwa sekunde chache tu kabla rola haijafika, sehemu nyeupe hushika wino na theluji hugeuka kuwa masizi. Fanya kazi asubuhi na mapema, zima feni, kaa mbali na upepo wa dirishani, na kama unaweza kuchagua miezi, chagua Juni hadi Agosti. Sehemu iliyochafuka ilowanishe mara moja na uipitishe rola kwa kasi, nayo itaubeba wino uliopotea. Isipotoka, futa kwa pamba yenye maji ya gundi ya mgunga. Joto pia huulegeza wino mpaka ukatambaa nje ya mistari. Ukiona hivyo, uchanganye na unga kidogo wa magnesi kaboneti, ule mweupe ambao wanyanyua vyuma hujipaka mikononi.

Karatasi ilowanishwe kidogo saa moja kabla na kuwekwa kati ya taulo, ili iwe laini bila kuwa na maji yanayoonekana. Ilaze juu ya foili kwa mpigo mmoja, usiisogeze, ifunike kwa karatasi nyingine laini, na usugue kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda pembeni, ukikandamiza zaidi kwenye giza kuliko kwenye weupe. Inua kona moja kuangalia huku mkono mwingine ukishikilia upande uliobaki. Nakala ya kwanza kwa kawaida huwa hafifu. Ya pili na ya tatu ndizo za kuhukumiwa. Foili moja hutoa nakala chache kabla haijachoka au kuchanika, na hilo lisikusikitishe, kwa kuwa foili ni rahisi kuliko wino.

Ukihamia kwenye bamba la ofseti, tumia upande wake wa nyuma, ulioondolewa mafuta kwa sabuni na kusuguliwa kwa msasa wa maji, na ufuate hatua zile zile. Halikunjamani, na kijivu chake ni tulivu zaidi.

Kuhusu rangi, ushauri wangu ni kuacha mabamba ya pili na ya tatu, yaani bamba moja kwa kila rangi, mpaka mkono uzoee. Currier & Ives waliajiri watu, wengi wao wanawake, waliopaka rangi za maji juu ya chapa zilizokauka, kila mmoja akipaka rangi yake moja na kuisogeza picha kwa mwenzake. Kwa theluji inatosha buluu nyepesi sana juu ya vivuli na waridi kidogo karibu na upeo. Weupe usiguswe.

Ning'iniza nakala kivulini kwa vibanio vya nguo kwa siku kadhaa, na wakati wa masika uziache muda mrefu zaidi kabla hujazipanga moja juu ya nyingine. Zikikauka, andika kwa penseli chini ya picha namba ya nakala na idadi ya zote, kwa mfano 3/8, kisha sahihi yako upande wa kulia. Matambara yenye mafuta na wino usiyarundike kwenye kona ya chumba, kwani mafuta yanayokauka hutoa joto na rundo linaweza kushika moto lenyewe. Yaloweke kwenye kopo la maji lenye mfuniko mpaka siku ya kuyatupa.